Nataka kuirudisha simu mpya kwenye Android ya zamani kwa ajili ya programu ya mizani ya maziwa

Karani wa Maziwa, Bahati (Nakuru)

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni karani wa kikundi cha wafugaji huku Bahati, na kazi yangu kila alfajiri kuanzia saa kumi na moja na nusu ni kupokea maziwa, kuyapima na kumpa kila mkulima risiti yake. Mizani yetu huwasiliana na simu kwa Bluetooth, simu nayo hupeleka hesabu kwenye printa ndogo ya mkononi, na katikati ya vyote hivyo kuna programu moja tu, ambayo kikundi kilitengenezewa mwaka 2015 na kijana ambaye leo hapatikani kwa namba yoyote tuliyo nayo. Programu hiyo haiko Play Store. Tunayo kama faili ya APK, yaani faili ya kusakinishia programu ya Android, kwenye kadi ya kumbukumbu.

Juma lililopita niliinama juu ya mkebe wa lita 50, simu ikateleza kutoka mfuko wa shati na kuzama. Niliitoa ikiwa bado inawaka, ikadumu dakika chache ikionyesha mistari ya rangi, kisha ikazimika na haijawaka tena. Kadi ya kumbukumbu ilipona. Kikundi kimeninunulia simu mpya mjini Nakuru, nayo imekuja na Android 14. Kila nikijaribu kuiweka ile programu, simu inakataa na kusema kwamba haipatani na toleo hili la Android. Simu iliyokufa ilikuwa ya Android 9.

Nimekwenda kwa mafundi wawili. Wa kwanza amesema ataishusha simu hadi Android 9 kwa shilingi 1,500 na niifuate jioni. Wa pili amesema jambo hilo haliwezekani kabisa. Kwa sasa ninaandika kwa kalamu kwenye kaunta buku, na wakulima, ambao wamezoea risiti, wameanza kunitazama kwa jicho la upembe. Naomba mwenye ujuzi anieleze yupi kati ya hawa wawili anasema kweli, na kazi hiyo hufanywaje.

Mwenye Duka, Busia

Mpe wa kwanza. Shilingi 1,500 si pesa ya kukukosesha usingizi ikiwa wakulima wanasubiri. Mimi nilishushiwa simu yangu mwaka 2019 kutoka toleo jipya hadi lile nililonunua nalo, na haikuchukua hata saa moja.

Fundi wa Kondele, Kisumu

Ndugu Karani, pole kwa simu na pole kwa kaunta buku. Tafadhali usiipeleke simu jioni hii. Nimefanya kazi hii hapa Kondele kwa miaka kumi na miwili, na kabla ya kueleza namna inavyofanywa afadhali nieleze inapokwama, kwa sababu watu wengi hudhani ni suala la ustadi wa fundi na bei yake, ilhali mara nyingi jibu huwa limekwisha kuandikwa ndani ya simu kabla haijafika mezani kwangu.

Kikwazo cha kwanza ni toleo ambalo simu ilizaliwa nalo. Android si mafuta ya taa useme utayamimina yaleyale katika taa yoyote. Google hutoa mfumo wa jumla, kisha mtengenezaji wa chipu na mtengenezaji wa simu huongeza sehemu zao wenyewe, zile zinazoendesha kamera, kioo, modemu na kisoma alama za vidole. Sehemu hizo huandikwa kwa ajili ya modeli moja, kuanzia toleo lililokuwamo simu ilipotoka ndani ya boksi. Simu iliyotoka kiwandani na Android 14 haijapata kutengenezewa Android 9 na mtu yeyote, na faili ambayo haikutengenezwa haipakuliki, iwe kwa shilingi 1,500 au kwa 15,000.

Kwa hiyo fundi wa pili amekwambia kweli, ingawa angejisumbua kukupa sababu. Wa kwanza, nikimdhania mema, alifikiri kwamba simu yako ilipandishwa toleo baada ya kununuliwa, kama ile ya ndugu yetu wa Busia. Nisipomdhania mema, angechukua faili ya modeli nyingine yenye jina linalokaribiana, akaijaribu, na jioni ungerudishiwa simu isiyoonyesha hata alama ya chaji.

Ndugu wa Busia, wewe ulishuka hadi toleo la kuzaliwa la simu yako, na mwaka 2019 milango mingi ilikuwa bado wazi. Ningependa kuona nambari ya muundo ya simu hiyohiyo leo, yaani ile inayotambulisha mfumo uliomo ndani yake.

Mwanafunzi, Maseno

Mkubwa, naomba ufafanuzi. Simu yangu ni Samsung iliyozaliwa na Android 12, na sasa iko kwenye 14. Kwa maelezo yako, ninaweza kurudi 13 au 12 kwa sababu faili zake zipo. Je, nikizipata ni moja kwa moja?

Fundi wa Kondele, Kisumu

Hapana, na hapo ndipo penye kikwazo cha pili. Fungua Mipangilio, nenda Kuhusu simu, kisha usome nambari ya muundo. Tuseme inaishia na U3BVE1. Isome kutoka mwisho kurudi mwanzo. Ile 1 ni namba ya mpangilio wa faili ndani ya mwezi. E ni mwezi wa tano, yaani Mei. V ni mwaka 2022, kwa kuwa U ilikuwa 2021 na W ikafuata 2023. B inaonyesha kwamba modeli hiyo imepanda ngazi moja ya mfumo tangu itoke. Sasa tazama ile 3, ambayo ni ya tano ukihesabu kutoka mwisho. Wateja wengi huniletea nambari nzima wakiwa wameizungushia duara mwaka na mwezi, na hiyo 3 hawajaiangalia.

Hiyo ndiyo namba ya butiloda, programu ya kwanza kuamka simu inapowashwa, ambayo kazi yake ni kuukagua mfumo kabla ya kuuruhusu uanze. Simu yenye 3 hukubali faili yenye 3 au zaidi, na baada ya 9 hesabu huendelea kwa herufi. Ukiiletea yenye 2, kazi itaanza vizuri, mstari utasogea, kisha juu ya kioo cha simu yataandikwa maneno yanayoanza na SW REV CHECK FAIL, na kwenye kompyuta programu ya Odin, inayotumika kuandika mfumo kwenye simu za Samsung, itaonyesha kisanduku chekundu. Namba hiyo imeandikwa ndani ya chipu mahali ambapo huongezwa tu na haipunguzwi. Nimeona watu wakiijaribu faili moja mara sita, wakibadilisha kebo, wakibadilisha kompyuta, wakimlaumu aliyewauzia kebo. Tatizo haliko kwenye kebo.

Kwa hiyo, kijana wangu, tafuta faili ya Android 13 ya modeli yako hasa, ya eneo lako, ambayo namba yake ya tano kutoka mwisho inalingana na iliyoko kwenye simu yako sasa. Ukiipata, njia ipo. Usipoipata, hifadhi bando lako.

Mwanafunzi, Maseno

Nimeangalia. Simu yangu ina 5, na faili zote za Android 13 nilizoziona ni 4 kushuka chini. Nashukuru kwa kuniokolea bando, lakini nina malalamiko ya haki: simu nimeinunua kwa pesa yangu, kwa nini nizuiwe kuweka ndani yake ninachotaka?

Fundi wa Kondele, Kisumu

Swali lako ni la haki, na jibu lina pande mbili ambazo mimi mwenyewe sijazipatanisha.

Tangu Agosti 2015 Google hutoa kila mwezi orodha ya mianya ya usalama iliyozibwa kwenye Android. Orodha hiyo ni ya hadharani. Maana yake ni kwamba mtu akiwa na simu ya Android ya miaka mitatu iliyopita, mianya yake yote imeorodheshwa na kuelezwa mahali ambapo mwizi pia anaweza kusoma. Sasa fikiria umeibiwa simu kwenye stendi ya matatu, nayo imefungwa na imesasishwa vizuri. Kama ingekuwa rahisi kuishusha, mwizi angeirudisha kwenye toleo lenye mwanya unaojulikana, akapitia humo. Ndiyo sababu Android 8, mwaka 2017, ilikuja na utaratibu wa ukaguzi wa mfumo wakati wa kuwaka ambao pia hukumbuka toleo la chini kabisa linaloruhusiwa. Hata Google, ambayo hutoa faili za simu zake za Pixel kwa yeyote, ilifunga mlango huo kwenye Pixel 6 mnamo Agosti 2022: aliyepanda Android 13 hakuweza tena kurudi 12, kwa sababu butiloda ya zamani ilikuwa na mwanya.

Upande huo ninaukubali. Nisichokubali ni kwamba mwenye simu, akiwa na nywila yake na akaunti yake, hupimwa kwa kipimo kilekile cha mwizi. Kungeweza kuwa na njia ya mwenye mali kujitambulisha na kushuka kwa hiari yake baada ya kuonywa. Kwa kampuni nyingi njia hiyo haipo.

Mstaafu, Kakamega

Vijana, habari za jioni. Binti yangu ameniachia iPhone yake, na tangu isasishwe sioni kitufe cha picha mahali nilipokizoea. Je, hiyo nayo ina namba ya tano kutoka mwisho?

Fundi wa Kondele, Kisumu

Shikamoo mzee. Kwa iPhone mambo ni mafupi zaidi. Kila unapoweka mfumo, simu huomba kibali kutoka kwa seva za Apple, na Apple hutoa kibali kwa matoleo ambayo bado inayakubali tu. Toleo jipya likitoka, la zamani huendelea kupewa kibali kwa muda mfupi, mara nyingi wiki moja au mbili, kisha hufungwa. Baada ya hapo faili unaweza kuwa nayo mkononi na isikufae kitu. Hata ndani ya muda huo, nakala uliyohifadhi ukiwa kwenye iOS mpya haikubali kurejeshwa kwenye iOS ya zamani. Kwa kitufe cha picha, mzee, mwombe binti akupigie simu ya video akuonyeshe kilipohamia; ni kazi ya dakika tano.

Nikiwa hapo hapo, wengi hutaka kushusha toleo kwa sababu simu imekuwa nzito. Mwaka 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa inapunguza kasi ya iPhone zilizo na betri zilizochakaa ili zisizimike ghafla, ikaomba radhi, na ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Waliobadilisha betri walirudishiwa kasi yao bila kugusa mfumo. Mezani kwangu hali ni hiyohiyo: kati ya wanaokuja wakiomba kushushiwa toleo, wapo wengi ambao betri yao imevimba hadi inasukuma kifuniko cha nyuma, au simu ya GB 32 imebakiza nafasi ya picha mbili. Pia, siku mbili tatu za kwanza baada ya sasisho kubwa simu hupata joto kwa sababu inazipanga upya programu zote ndani kwa ndani. Subirini siku hizo zipite kabla ya kuja Kondele.

Mwenye Duka, Busia

Fundi, naona nitoe ushuhuda wangu wote, maana niliutoa nusu. Ile simu ya 2019 ilishushwa salama, na kufanikiwa huko ndiko kulikoniponza. Mwaka uliofuata nilijifanya fundi. Nilikuwa na simu yenye chipu ya MediaTek, nikapakua SP Flash Tool, programu ya kuandikia mfumo kwenye simu za namna hiyo, na faili ya mfumo, na kwenye ile menyu ndogo yenye machaguo matatu nikachagua Format All + Download, kwa kuwa nilidhani kufuta vyote ndiko usafi. Simu iliwaka vizuri, ikapendeza, ikawa na toleo nililolitaka. Nilipoweka laini, hakuna mtandao. Nilibonyeza *#06# na mahali pa IMEI, namba ya utambulisho wa simu, palikuwa patupu. Tangu siku hiyo simu hiyo imekuwa redio ya dukani, na makosa ni yangu mwenyewe, sina wa kumlaumu.

Fundi wa Kondele, Kisumu

Ahsante kwa ukweli huo, ndugu yangu, kwa sababu kosa hilo ndilo linaloniletea wateja wengi kutoka upande wenu kuliko jingine lolote. Kwenye simu za MediaTek kuna sehemu ya hifadhi inayoweka IMEI na vipimo vya redio vya simu hiyo moja, vilivyopimwa kiwandani. Chaguo la Format All huifuta sehemu hiyo pamoja na mengine, na faili ya mfumo uliyopakua haina kitu cha kujaza pengo hilo, kwa kuwa ni faili ya modeli nzima. Chaguo la Download Only ndilo huandika mfumo bila kuigusa. Na kabla ya lolote, mtu anapaswa kuisoma sehemu hiyo na kuihifadhi kwenye kompyuta.

Kuna watu watakaokwambia wanaweza kukuandikia IMEI yoyote upendayo. Kubadilisha IMEI ni kosa kwa sheria za Kenya, na mimi sifanyi. Kama utawahi kuirejesha, iwe ni ile ile iliyochapishwa kwenye boksi lako.

Kwa kuwa watu watatu wameniandikia kando kuniuliza kazi yenyewe hufanywaje pale inapowezekana, nitaeleza ya Samsung, ambayo ndiyo naifanya mara nyingi. Maandalizi huchukua muda mrefu kuliko kazi. Kila kitu kitafutwa, na hakuna ujanja wa kukwepa hilo, kwa sababu funguo zinazosimba data zimefungamanishwa na toleo la mfumo, na hifadhidata za programu huandikwa upya kwenda mbele, hazirudi nyuma. Picha zihamishwe. WhatsApp ihifadhiwe nakala na uhakikishe imekamilika, usiishie kubonyeza kitufe na kuondoka. Menyu ya M-PESA iliyo kwenye laini haiguswi, kwa kuwa inakaa kwenye laini, lakini programu ya M-PESA na za benki zitataka usajiliwe upya. Kisha ondoa akaunti ya Google kwenye simu. Tangu Android 5.1 simu iliyofutwa kwa njia ya nje huomba akaunti iliyokuwamo kabla, na mteja aliyesahau nywila yake hurudi kwangu na simu yenye toleo analolitaka asiloweza kuliingia.

Faili ya Samsung huwa ya GB 4 hadi 6 hivi. Ukiifungua utapata sehemu nne, BL (butiloda), AP (mfumo wenyewe), CP (modemu) na CSC (mipangilio ya nchi na mtandao), kila moja na nafasi yake ndani ya Odin. Kuna pia HOME_CSC, ambayo huacha data yako ilivyo. Unaposhuka toleo usiitumie, kwa sababu mfumo wa zamani utakutana na data ya mfumo mpya na simu itabaki inazungusha nembo hadi chaji iishe. Ukiingiza faili ya AP, Odin itaganda kwa dakika kadhaa kama iliyokufa. Iache, inakagua faili. Zima simu, shikilia vitufe vyote viwili vya sauti, kisha chomeka kebo ukiwa bado umeshikilia. Utaona onyo, ubonyeze sauti juu, na kwenye kompyuta kisanduku kidogo cha ID:COM kitageuka buluu. Hapo ndipo unapoanza, na hapo ndipo umeme hupenda kukatika. Mimi hufanya kazi hii kwa kompyuta yenye betri nzuri, na simu iwe na chaji zaidi ya nusu, kwa sababu kukatizwa katikati ya butiloda ni msiba. Kikitokea kisanduku cha kijani, simu itawaka yenyewe, na mara ya kwanza itachukua dakika nyingi. Usiizime.

Kwa Xiaomi kuna habari ndefu ya kufungua butiloda kwanza na kusubiri. Sitaingia humo leo.

Mwanafunzi, Maseno

Mkubwa, nimejifunza mengi, lakini naona tumemwacha mwenye uzi barazani. Yeye hataki Android 9 kwa mapenzi ya Android 9. Anataka programu moja ikubali. Nilivyosoma, kila programu hutangaza ndani yake kiwango cha Android ilichoandikiwa. Android 14 hukataa kusakinisha programu yoyote iliyotangaza kiwango cha chini ya 23, yaani iliyoandikiwa Android 5.1 au ya nyuma yake. Sababu ni kwamba Android 6, mwaka 2015, ndiyo iliyoanza kumuuliza mtumiaji ruhusa moja moja programu inapohitaji kitu, na watengenezaji wa programu hasidi walikuwa wakitangaza kiwango cha 22 makusudi ili wakwepe maswali hayo. Programu ya Karani ya 2015 huenda imekamatwa kwenye wavu uliotandazwa kwa ajili ya wengine.

Google wenyewe waliacha njia kwa wasanidi programu wanaotaka kujaribu vitu vya zamani. Unaunganisha simu na kompyuta, na unasakinisha kwa amri hii moja ya adb, zana ya Google ya kuiamrisha simu kutoka kwenye kompyuta:

adb install --bypass-low-target-sdk-block mizani.apk

Jina la mwisho ni jina la faili yako. Simu haifutwi, haifunguliwi butiloda, haishushwi popote.

Fundi wa Kondele, Kisumu

Kijana, nimevua kofia. Nilijibu nilichoulizwa, nikasahau kuuliza programu ilikataliwa kwa sababu gani. Ndugu Karani, mambo mawili kabla hujaanza. Nenda Kuhusu simu, gusa nambari ya muundo mara saba hadi simu ikwambie kwamba umekuwa msanidi, kisha ndani ya chaguo za wasanidi washa utatuzi wa USB. Pia uwe na hakika na asili ya hiyo APK, kwa kuwa unaipitisha mlango ambao umefungwa kwa sababu. Kama ni ile iliyotoka kwenye kadi yenu na haijapita mkono mwingine, sina wasiwasi nayo.

Karani wa Maziwa, Bahati (Nakuru)

Ndugu zangu, nimerudi. Simu sikuipeleka kwa fundi wa kwanza.

Jirani yangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari, ana kompyuta. Jumamosi jioni tulikaa mezani kwake. Tulipoteza karibu saa nzima kwa sababu kompyuta haikuiona simu hata kidogo. Simu ilikuwa inapata chaji tu. Mtoto wake ndiye aliyetuambia kwamba kuna kebo zisizopitisha data, akatuletea nyingine iliyokuwa ya kamera. Mara moja simu ikauliza kama ninaiamini kompyuta hiyo, nikakubali.

Kwanza tulijaribu amri bila lile neno refu ili tuone sababu. Jibu lilikuwa INSTALL_FAILED_DEPRECATED_SDK_VERSION, likifuatiwa na maelezo kwamba programu inapaswa kuwa ya kiwango cha 23 na zaidi, lakini hii ni ya 19. Mwalimu akasema 19 ni Android 4.4. Tukaiandika upya kama mwanafunzi alivyoelekeza, tukabonyeza, na baada ya kimya kidogo likaja neno moja, Success. Programu ilipofunguliwa mara ya kwanza ilionyesha orodha ya ruhusa zake zote kwa pamoja, kisha simu ikanionya kwamba imeandikwa kwa ajili ya Android ya zamani. Nikakubali yote mawili.

Jumapili alfajiri mizani iliunganika kwa jaribio la pili. Mkulima wa kwanza alileta lita 7.4, printa ikalia, karatasi ikatoka, akaiangalia pande zote mbili kama noti bandia kabla ya kuikunja. Hesabu za mwezi zilikufa na simu ya zamani, kwa hiyo nimewaomba wakulima walete risiti zao niziingize upya. Zilizokaa kwenye mifuko ya makoti zimefifia hadi hazisomeki, na kwa hao tutatumia kaunta buku na maelewano.

Nina swali moja la mwisho. Simu imeniletea ujumbe kwamba Android 15 iko tayari. Nikiikubali, je, programu itaondolewa?

Fundi wa Kondele, Kisumu

Hongera. Programu iliyokwisha kusakinishwa hubaki simu inapopandishwa toleo. Kinachokataliwa ni kuisakinisha upya. Lakini ukiifuta simu, au ikizama tena, utarudi kwa mwalimu na kebo ya kamera. Android 15 imekipandisha kiwango hicho hadi 24, na amri ile ile bado ndiyo ya kutumia. Zinaweza pia kutokea simu zisizoendesha kabisa programu za biti 32, yaani zilizoandikiwa chipu za mtindo wa zamani, kama Pixel 7 ya mwaka 2022 na zilizofuata, na huko amri hiyo haitasaidia ikiwa programu yenu ina sehemu za namna hiyo ndani yake. Ningekuwa wewe ningeiacha Android 15 isubiri hadi hesabu za mwezi zifungwe, ningeweka nakala ya APK mahali pawili, na ningekiambia kikundi kitafute mtu wa kuiandika upya hiyo programu wakati simu ingali kavu.

Karani wa Maziwa, Bahati (Nakuru)

Kikao cha kamati ni Alhamisi. Nimeiweka kwenye ajenda, na nimeomba pia pesa za kununua kasha la simu lenye kamba ya shingoni.